Mizani ya Kamukuywa

Ndovu wa Mlima Elgon ni wachimba madini. Usiku huingia pango la Kitum, kule juu ya Endebess, wamepanga mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, wakipapasa njia kwa mkonga kwa sababu ndani hakuna chembe ya mwanga. Huenda hivyo hadi karibu mita 200 tumboni mwa mlima. Huko huchokonoa ukuta kwa pembe, wakavunja mwamba, wakautafuna kwa magego na kumeza chumvi iliyomo. Hayo si hekaya. Askari wa mbuga na watafiti wameyaona. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883, alipoyatazama mapango ya Elgon alidhani ni kazi ya watu wa kale. Hakumdhania mwenye mlima kuwa ndiye mchimbaji.

Hekaya yenyewe inaanza na ndovu jike mkongwe aliyeongoza ukoo wa Kitum. Wanyama wote, wa upande wa Kitale na wa upande wa Bungoma, walimwita Kukhu, kama anavyoitwa bibi katika nyumba za Wabukusu. Sheria zake za kuchimba zilikuwa chache. Ndama hatembei ukingoni, kwa kuwa ndani ya Kitum kuna ufa mrefu uliokwisha kuwameza ndama. Hakuna anayechokonoa mwamba ulio juu ya kichwa cha mwenzake. Na kabla hakujapambazuka kila mmoja awe amehesabiwa akitoka. Popo ndio waliohesabu, maana wao hawahitaji taa.

Aliyeleta jiwe ni Fuko. Alikuwa akichimbua chini ya shamba la mahindi, akitafuta mizizi, kucha zake zikagonga kitu kizito, cheusi, chenye mng'ao wa samawati kwa mbali. Akakipeleka kwa Kukhu, kwa kuwa mlimani hakuna aliyeonja mwamba mwingi kumzidi. Kukhu akalilamba.

"Halina chumvi, mwanangu. Sijui ni la nini."

Fuko akalirudisha shimoni kwake. Lakini habari ya jiwe jipya haikai shimoni. Ilimfikia Sungura mjini Kitale, na Sungura alikuwa dalali: wa ploti, wa ng'ombe, wa mahindi yasiyo na risiti, wa mizigo iliyokwama mpakani Suam. Alipiga simu moja tu, na kabla wiki haijaisha Kipanga akashuka kutoka kaskazini ya mbali, manyoya yake safi, mkobani ana ramani ya mlima iliyopigwa kutoka angani. Kukhu alikuwa ameishi juu ya mlima huo miaka sitini na hakuwahi kuiona ramani hiyo.

Kipanga hakuwa mwongo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu hekaya zetu zimezoea kumfanya mgeni kuwa jambazi, na tukiisha kumlaani tunarudi kulala. Kipanga alieleza kweli tupu. Kwao wameazimia kuacha moshi, magari yaende kwa umeme, na umeme wa jua na wa upepo uwekwe akiba ya usiku. Akiba hiyo ni betri. Katika betri nyingi kobalti na nikeli hukaa upande mmoja, kinywe, yaani grafiti, hukaa upande wa pili, na lithiamu ndiyo inayokwenda na kurudi katikati yao kila unapochaji na kila unapotumia. Jiwe la Fuko lilikuwa na kobalti. Kipanga alilihitaji, naye alikuwa tayari kulipa. Alichotaka ni mkataba utiwe sahihi upesi, kabla wengine hawajafika.

Baraza likaitishwa Kamukuywa, chini ya mkuyu, kando ya barabara ya Kitale na Webuye, mahali ambapo mtu wa Kitale hawezi kulalamika kwamba ameitwa ugenini, wala wa Bungoma. Walikuja kwa wingi. Swala walishuka kutoka Cherangany, Nungunungu na watoto wake kutoka Kimilili, Tumbiri kutoka Kapsokwony. Kanga wa Chwele walifika wakiwa wamechelewa kwa sababu ya matope. Mheshimiwa Nyani alikuja na msafara.

"Wananchi," alisema Nyani, "zamu yetu imefika! Mwaka 2023 serikali iliorodhesha madini 14 ya kimkakati, kobalti ikiwemo, na lithiamu, na kinywe. Januari 2024 Waziri Salim Mvurya akatangaza kwamba Kenya ina koltani. Kaunti nyingine zinasherehekea. Sisi tulikuwa na miwa, miwa ikatushinda. Tulikuwa na kiwanda cha karatasi pale Webuye, kikafungwa. Sasa Mungu ametupa jiwe."

Makofi yalipokatika, Mheshimiwa wa upande wa pili wa mto, naye Nyani wa ukoo mwingine, akasimama kuuliza jiwe hilo ni la kaunti gani hasa. Hapo ndipo asubuhi nzima ilipopotelea. Wa Kitale walisema shimo la Fuko liko kwao. Wa Bungoma wakajibu kwamba Fuko huanza kuchimba upande mmoja na kutokea upande mwingine, kwa hiyo jiwe halina mwenyewe hadi mpaka upimwe. Vijana wakaanza kutafuta fimbo. Waheshimiwa wote wawili hawakuwazuia, na Sungura alikaa kivulini ametulia, kwa kuwa baraza linalogombania mpaka haliulizi maswali juu ya mkataba.

Kukhu akapiga mguu chini. "Mlima huu ulishalia kwa ajili ya ardhi," alisema. "Mmesahau Chepyuk? Kuanzia 2006 hadi 2008 tulizika watu juu ya mistari iliyochorwa na kufutwa na wakubwa. Atakayeshika fimbo hapa leo nitamtoa mimi mwenyewe."

Fimbo zikawekwa chini. Sungura akaona sasa ni wakati wake, akapanda juu ya mzizi wa mkuyu.

"Wazee wangu, Kukhu, Waheshimiwa, hakuna haja ya kugombana. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imekwisha kugawa. Asilimia 70 inakwenda serikali ya kitaifa. Asilimia 20 inakuja kaunti. Na asilimia 10," hapa akatulia, "ni yenu. Yenu nyinyi jamii mnaoishi pale pale. Katika kila gunia kumi za jiwe, gunia moja ni lenu."

Vigelegele vilisikika hadi Kiminini. Kanga wakaanza kucheza. Fisi akasimama, akafuta mdomo, akasema watu wasiwe na wasiwasi juu ya nani atapokea, kwa kuwa kamati ya jamii ipo tayari, imesajiliwa, ina akaunti benki. Mwenyekiti ni yeye. Mweka hazina ni mdogo wake. Katibu ni shemeji yake, ambaye kwa bahati mbaya hakuweza kufika.

"Jamii ilikutana lini kuwachagua?" akauliza Nungunungu.

"Tulikutana," alisema Fisi. "Tuliokuwa tunajali tulikutana."

Wakati huo Mzee Kobe alikuwa bado anakuja. Alikuwa ametoka msitu wa Kakamega siku nyingi nyuma, aliposikia kwamba Bungoma kuna jiwe, na ndiyo kwanza alikuwa anavuka barabara. Walimpisha. Kobe huishi miaka mingi, na huyu alikuwa na umri wa kutosha kukumbuka mambo ambayo wengine waliyasoma darasani au hawakuyasoma kabisa.

"Mimi nilikuwepo dhahabu ilipoonekana Kakamega mwaka 1931," alisema. "Nitawaambia neno moja tu, kisha nipumzike. Mwaka mmoja kabla, 1930, serikali ya wakoloni ilikuwa imetunga sheria ya kulinda ardhi za wenyeji. Iliandikwa kwa maneno mazito: ardhi hii ni yenu milele. Ikiwa kipande kitachukuliwa kwa haja ya umma, mtapewa kipande kingine cha thamani ile ile, na baraza la wenyeji litaarifiwa kwanza. Tulifurahi kama mnavyofurahi sasa. Dhahabu ikaonekana. Wazungu wakamiminika na mahema yao, mashimo kila mahali. Ardhi ya kufidia haikuwepo, na kuwauliza wenyeji kungechukua muda. Basi Desemba 1932 wakaibadilisha sheria. Fidia iwe pesa, na wenyeji wasiulizwe. Milele yetu ilidumu miaka miwili."

Akavuta pumzi. "Sisemi msichimbe. Nasema sheria niliyoiona ikivunjwa haikuvunjwa na wezi wa usiku. Ilivunjwa mchana, katika baraza la kutunga sheria, kwa kura. Mkiambiwa sheria imewagawia, ulizeni nani ana kalamu ya kuibadilisha."

Sungura akatabasamu kwa heshima. Alisema Mzee anasimulia zama za mkoloni, na leo tuna Katiba. Na kweli tunayo. Ibara ya 62 inasema madini yote yameshikwa na serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi. Ibara ya 71 inataka mikataba ya kuchimba rasilimali ipelekwe Bungeni kuidhinishwa. Wanyama wa mlima huo waliishi chini ya sheria zile zile za Kenya ambazo mimi na wewe tunaishi chini yake. Tofauti yao na sisi ni kwamba siku ile walikuwa na Panya.

Panya huyu hakuna aliyemwalika. Ukoo wake ulikaa vizazi vingi katika kiwanda cha karatasi cha Webuye, tangu kilipofunguliwa katika miaka ya 1970, na huko ndiko walikojifunza kusoma, kwa kuwa panya hatafuni karatasi asiyoipitia. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 walihamia chini ya mizani ya malori ya miwa. Alizaliwa huko, chini ya sahani ya chuma, akalala akisikiliza namba. Wanyama walimdharau, maana hunuka molasi na huiba. Alipanda juu ya debe lililopinduliwa, akasema anaomba gorogoro moja ya mahindi.

Alipewa. Akamwaga chini, akahesabu punje 1,000, baraza zima likimtazama. Ilichukua muda, na waheshimiwa walitazama saa zao.

"Hizi punje 1,000 ni bei ya jiwe lote atakalouza Kipanga," alisema. "Bwana Sungura amesoma sheria vizuri, ila ameruka neno moja. Sheria haigawi jiwe. Inagawa mrabaha. Mrabaha ni sehemu ndogo ya bei ambayo mchimbaji humlipa mwenye madini. Tuseme ni asilimia 5." Akatenga punje 50, nyingine 950 akazisukuma upande wa Kipanga. "Katika hizi 50, asilimia 70 ni 35, zinakwenda Nairobi. Asilimia 20 ni 10. Zinakwenda kwa kaunti, nanyi waheshimiwa mtazigombania huko. Asilimia 10 ni hizi hapa."

Zilikuwa punje tano.

"Si gunia moja katika kumi," alisema Panya. "Ni punje tano katika elfu. Mzigawe Endebess mpaka Kapsokwony."

Kanga waliacha kucheza. Kutoka nyuma mtu akasema basi Sungura ni mwizi, lakini Panya akamzuia. "Asilimia hizo ni za sheria, na zina maana yake, Nairobi inajenga barabara na kulipa walimu. Mimi sigombani na mgawo. Nagombana na hizi 1,000. Nani amezihesabu?"

Hilo ndilo jambo ninalotaka likae akilini mwa kila mkulima wa Trans Nzoia na Bungoma, na kwa sababu hiyo nitamwacha Panya aliseme lote.

"Lori la miwa likifika mizanini," alisema, "hupimwa likiwa limejaa. Likishamwaga, hupimwa likiwa tupu. Tofauti ndiyo miwa yako. Mkulima husimama kwenye foleni apimiwe lori lililojaa, kisha hukimbilia matatu arudi nyumbani. Hajui lilipopimwa tupu lilikuwa na uzito gani. Mimi najua, kwa sababu nalala hapo chini. Basi hiyo ni miwa, ambayo ni kitu cha kuonekana. Jiwe lina siri zaidi. Kwanza uzito. Pili maji, maana jiwe la mvua ya Elgon huwa limelowa, na mnunuzi halipii maji, kwa hiyo yeye atakuambia ni maji kiasi gani. Tatu kiwango. Magunia mawili yaweza kulingana uzito, moja likawa na kobalti mara tatu ya lingine, na jicho lako haliwezi kuyatofautisha. Nne bei: ni bei ya siku gani, ya soko la London au ya soko alilolichagua yeye? Kila mlango kati ya hiyo minne una kitasa, na vitasa vyote viko upande mmoja. Akisema ni 600 badala ya 1,000, mrabaha unakuwa 30, na fungu lenu ni punje tatu. Mbili zimekwenda kabla ya mwizi yeyote kuingia katika kamati ya Bwana Fisi."

Nyani wa kwanza akasema hayo ni maneno ya kutisha wawekezaji. Kutoka juu ya tawi sauti kavu ikamjibu. Alikuwa Kunguru wa Pwani, aliyepanda magharibi kwa lori la nazi.

"Mimi nimetoka Kwale," alisema. "Kwetu hakukuwa na jiwe la betri, ilikuwa mchanga wa titani, lakini sheria ni moja. Meli ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, na kampuni ya Base Titanium ikachimba hadi Desemba 2024. Mrabaha ulikuwa unalipwa. Sheria ya 2016 ikaja, ikaahidi asilimia 10 kwa jamii. Miaka ikapita, wakubwa wakibishana kanuni ziko wapi, na jamii ni nani: waliohamishwa, au wanaoishi kando ya shimo, au Kwale nzima? Mchanga ulikuwa unaondoka kila mwezi wakati swali hilo linatafutiwa jibu. Kwa hiyo mnaponiambia kwamba Bwana Fisi ndiye jamii, mimi nacheka kwa uchungu. Andikeni majina ya nyumba zenu leo, kabla ya senti moja kuonekana."

Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja muda wote huo. Yeye huzunguka Afrika nzima akifuata mvua, na alikuwa ametua Kolwezi, kusini ya Kongo, inakotoka zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Watu walimwomba aseme, akasita. Alisema kwanza watoto wapelekwe kucheza mtoni.

"Kasulo ni mtaa wa kawaida wa Kolwezi," alisema walipoondoka. "Mwaka 2014 mtu alichimba shimo uani kwake, akakuta jiwe kama hili. Akachimba chini ya sakafu ya nyumba yake mwenyewe, usiku, asijulikane. Akajulikana. Mtaa mzima ukachimba sebuleni, chini ya vitanda, mashimo yenye kina cha mnazi na zaidi, bila nguzo za kuzuia udongo. Wengine wamo humo hadi leo. Mwaka 2017 wakubwa wakaamua eneo lipewe kampuni moja ya Kichina, ukuta ukajengwa, familia zikahamishwa, na mchimbaji akaruhusiwa kuingia lakini auze kwa kampuni hiyo tu. Na penginepo, kwenye madepo ya kando ya barabara, mchimbaji hufika na gunia mgongoni. Mizani ni ya mnunuzi. Kifaa cha kusomea kiwango ni cha mnunuzi. Bei mnunuzi huiandika kwa kalamu juu ya kipande cha gunia na kuitundika. Mchimbaji anajua anapunjwa. Hana pa kwenda kupima tena. Kongo yote, nchi kubwa namna ile, ilikaa ikitazama bei ikiporomoka, mpaka Februari 2025 ikafunga milango: hakuna kobalti itakayotoka nje. Oktoba mwaka huo ikafungua kwa mgawo. Bei ilipanda. Kwa hiyo mwenye jiwe anaweza kusema hapana. Lakini wakati wa kufunga, aliyelala njaa wa kwanza ni yule wa gunia moja."

Alitaja Tanzania kwa ufupi pia: jinsi mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yalivyozuiliwa bandarini Dar es Salaam, serikali na kampuni zikibishana mle ndani mna dhahabu kiasi gani. Ugomvi ulimalizika kwa serikali kupata hisa asilimia 16, na katika mradi wa nikeli wa Kabanga, kule Ngara, imechukua asilimia hiyo hiyo. Lakini kilichozua ugomvi ule, alisema Korongo, ni kile alichokisema huyu dada wa mizani.

Sasa hisia za baraza zikageuka. Wengi walitaka Kipanga afukuzwe na shimo la Fuko lifukiwe. Hapo Fuko, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akatoka mbele akipepesa macho.

"Kukhu, naomba radhi. Wewe una pango lako na chumvi yako. Mimi nina ekari moja na nusu. Mbolea niliyonunua 2024 ilikuwa mchanga, na si mimi peke yangu. Mahindi nikivuna, bei imekufa. Nikiweka, fukusi wanakula. Mwanangu wa kwanza yuko nyumbani kwa sababu ya karo. Nimesikia habari za Kolwezi na zimenitisha. Lakini nikifukia shimo, kesho nitachimba nini?"

Nampenda Fuko kwa swali hilo. Ni rahisi kwa mwandishi aliyeshiba kulilinda jiwe la mtu mwenye njaa. Kukhu naye hakumkemea. Alimwomba Fuko akae karibu naye, akanyamaza kwa muda mrefu hata Sungura akadhani amesinzia.

"Ukoo wangu umechimba Kitum miaka ambayo hakuna anayeweza kuihesabu," alisema hatimaye, "na chumvi haijaisha. Si kwa sababu sisi ni wema kuliko wengine. Ni kwa sababu tunalala hapa hapa. Tukichimba vibaya, mwamba unamwangukia mmoja wetu. Tukiharakisha, ndama anaingia ufani, na kilio chake tunakisikia sisi. Bwana Kipanga akichimba vibaya, kilio kitasikiwa na nani? Yeye atakuwa ameruka. Kwa hiyo simkatazi Fuko kuchimba. Nataka anayechimba aweze kusikia, na anayeuza aweze kuhesabu."

Sungura akasema kwa upole kwamba Kipanga ana ramani za milima mingine. Akicheleweshwa hapa ataenda kwingine, na Kamukuywa itabaki na mkuyu wake.

"Muwa ukikawia shambani hukauka," alisema Kukhu, "na ndiyo maana mwenye kiwanda hutushinda kila mwaka. Jiwe halikauki. Limekaa humo tangu Elgon ilipokuwa inatema moto. Msimu mmoja mwingine halitasikia njaa. Mwambie aende atazame milima mingine, akirudi atukute hapa."

Walikaa hadi jua likaelekea Lwakhakha. Majina ya nyumba yaliandikwa yote, ya wajane na ya wapangaji pia, jambo lililozua ubishi mkali kuliko mengine, na kamati ya Fisi ikavunjwa na wale iliodai kuwawakilisha. Mizani ya malori ingewekwa Kamukuywa penyewe, si ndani ya ua wa mgodi, nayo ingefungwa kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mchimbaji na mmoja kwa jamii. Panya akafundisha jambo ambalo wafanyabiashara wakubwa wa madini hulifanya wao kwa wao kila siku bila kuona haya: kila shehena itolewe sampuli, igawanywe mifuko mitatu, itiwe lakiri. Mmoja wa mnunuzi, mmoja wa muuzaji, na wa tatu ukae kabatini. Vipimo vya wawili vikitofautiana, wa tatu unapelekwa kwa maabara ambayo hakuna kati yao anayeilipa peke yake. Fuko akachaguliwa kusimamia uzito. Nungunungu akapewa mfuko wa kabatini, kwa sababu hakuna atakayejaribu kumkumbatia ili auchukue. Mabinti wawili wa Panya wakatumwa Nairobi kusomea kemia ya miamba, na karo yao ilichangwa pale pale, Kanga wakitoa mayai.

Kipanga alikwenda. Alikawia mvua zote za masika, na Fuko alipunguza mlo na kumkasirikia Kukhu waziwazi sokoni Kitale, naye Kukhu aliyapokea maneno hayo bila kujibu. Kisha siku moja Kipanga akarudi, na mkataba mnene chini ya bawa. Sungura alikuwa naye, akieleza kwamba mambo yote ya baraza yamezingatiwa na kilichobaki ni sahihi tu.

Wakakaa tena chini ya mkuyu. Panya alisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, Tumbiri akitafsiri kwa Kisabaot na Nungunungu kwa Kibukusu. Mizani ilikuwemo. Kufuli mbili zilikuwemo. Mifuko mitatu ya sampuli ilikuwemo. Mheshimiwa Nyani alikuwa amekwisha toa kalamu. Panya alipofika kifungu cha katikati akasimama, akakisoma tena polepole: vipimo vikitofautiana, kiwango cha madini kitathibitishwa na maabara ya mnunuzi, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho.

"Hicho ni kifungu cha kawaida tu," alisema Sungura.

"Kitolewe," alisema Fuko. Alikuwa ndiye mwenye njaa kuliko wote waliokuwepo, na neno hilo alilisema yeye.

Kipanga aliruka hadi Kitale kupiga simu kwao. Alirudi jioni, akakikata kifungu kwa kalamu yake mwenyewe, na kando yake akaandika tarehe. Wakafungua ukurasa uliofuata, uliohusu maji yatakayosafishia jiwe na mahali yatakapomwagwa. Panya alisoma mistari miwili, akaufunga mkataba. Alisema ukurasa huo hauwezi kusomwa bila Kiboko wa Budalang'i kuwepo, kwa kuwa maji mengi ya upande huu wa mlima huingia Nzoia, na Nzoia hupita kwake kabla ya kufika ziwani. Kukhu akaagiza mjumbe ashuke alfajiri kumwita.